Kila mtoto awe na lengo lake la mazoezi, sio wale wa timu tu

Mhariri, habari za kazi,

Naomba nafasi kidogo niongelee hili suala la watoto wa shule na mazoezi, maana kila mwaka likiibuka tunaongea viwanja, mipira na jezi, na kweli vinahitajika sikatai, ila kuna kitu hakina gharama kabisa na hatukifanyi. Mtoto mmoja mmoja ajipangie lengo lake, aliandike, na awepo mtu wa kumfuatilia. Basi.

Mi ni mzazi hapa Mtwara mjini. Simama barabarani asubuhi uone watoto wanavyopakiwa kwenye bajaji na bodaboda, wengine shule yenyewe iko hapo hapo tu mtu anatembea anafika. Wakitoka ni tuisheni, wakitoka tuisheni ni madrasa, wakirudi nyumbani giza limeingia ni katuni au simu ya mama mpaka wanalala. Kombolela na rede za jioni zinapotea mitaani tunaona kwa macho. Wenzetu wa vijijini huko Newala na Tandahimba angalau mtoto bado anatembea, anachota maji, msimu wa korosho yuko shambani anaokota, lakini wa mjini anakaa kutwa nzima.

Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020 limesema mtoto wa miaka 5 mpaka 17 anatakiwa apate wastani wa dakika 60 kila siku za kujishughulisha mpaka mapigo ya moyo yapande, na walau siku 3 kwa wiki iwemo shughuli nzito zaidi pamoja na ile ya kuimarisha misuli na mifupa. Shirika hilohilo lilishaonyesha kwamba kwa takwimu za 2016 vijana 81 kati ya 100 wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikishi hicho kiwango, yaani karibu wote!

Sasa shuleni kwetu tunafanyaje? Tuna mchakamchaka wa asubuhi, kitu kizuri sana na nyimbo zake, natamani usife. Lakini angalia unavyoendeshwa, wenye mbio wako mbele, wanene na wenye pumu wako nyuma wanafokewa, na hakuna mtoto hata mmoja anayejua leo amefanya vizuri kuliko wiki iliyopita au la. Halafu kuna hili linaloniuma zaidi, mazoezi yenyewe tumeyafanya adhabu. Mtoto kachelewa namba, zunguka uwanja mara kumi. Kapiga kelele darasani, ruka kichurachura, piga pushapu. Mchana kipindi cha michezo tunataka mtoto huyohuyo akimbie kwa furaha, atatoa wapi hiyo furaha jamani wakati mwili wake umeshajifunza kwamba kukimbia maana yake umekosea.

Kuhusu mashindano sisemi vibaya. Mwaka 2021 UMITASHUMTA na UMISSETA ya kitaifa, yaani michezo ya shule za msingi na ya sekondari, ilifanyika hapahapa Mtwara na mimi ni mmoja wa waliofurahi sana. Ila shule yenye mamia ya watoto inachagua wachache wenye vipaji, hao ndo wanafanya mazoezi, waliobaki wanashangilia. Anayehitaji mazoezi zaidi ndiye anayekaa chini ya mwembe.

Hii habari ya kujiwekea lengo sio ya kwangu. Mmarekani mmoja mtaalamu wa saikolojia anaitwa Edwin Locke alianza kuitafiti tangu miaka ya 1960, baadaye akawa anafanya na mtafiti mwenzake Gary Latham, na walichokiona ni kwamba mtu akiwa na lengo linaloeleweka na gumu kiasi anafanya zaidi kuliko mtu aliyeambiwa tu "jitahidi uwezavyo". Lakini kuna masharti, awe amelikubali mwenyewe moyoni, na awe anaonyeshwa amefikia wapi. Na kama kitu chenyewe bado hakijui basi lengo la kwanza liwe kujifunza namna ya kukifanya, namba zije baadaye. Ukiangalia, "fanyeni mazoezi watoto" yetu haina hata kimoja katika hivyo.

Mtaani kwetu tumejaribu na watoto wachache wa majirani, kamba tu ya manila imekatwa. Kuna binti wa darasa la tano alikuwa anaruka saba kamba inamkwama mguuni. Tukamwambia andika saba, akaandika nyuma ya daftari lake la hisabati. Tulipomuuliza unataka kufika ngapi akasema hamsini palepale kwa kishindo, tukacheka naye, tukakubaliana kumi mpaka Ijumaa. Alifika kumi kabla ya Ijumaa, akaja mbio kunitafuta jikoni nikamuone, akaruka kumi na mbili mbele yangu huku anahesabu kwa sauti mtaa mzima unasikia. Mwenzake alikuwa ameshavuka arobaini tangu mwanzo, yeye lengo lake lilikuwa arobaini na tano. Hakuna aliyemcheka mwenzake kwa sababu kila mmoja alikuwa anashindana na namba yake. Na yule wa saba ndiye aliyekuwa anakuja wa kwanza kila jioni.

Shuleni inawezekana hivyohivyo. Wiki ya kwanza wapimwe tu, kwa mfano dakika sita mtoto anazunguka uwanja mara ngapi, akichoka atembee ruksa. Namba iandikwe. Aongeze kidogo sana, baada ya wiki mbili arudie. Akishindwa lengo lishushwe, asichapwe wala asitajwe paredi. Mwenye ulemavu ajiwekee lake kulingana na mwili wake, wala asiachwe pembeni kushika makoti ya wenzake. Mwezi wa Ramadhani malengo yapunguzwe kwa wanaofunga, hilo kwetu huku halihitaji mjadala.

Naomba sana malengo yasiwe ya kilo. Wasipimwe uzito mbele za watu, hasa mabinti wa darasa la sita na la saba ambao miili inabadilika na maneno ya wenzao yanawachoma. Lengo liwe kitu mtoto anachoweza kukifanya, kuruka, kutembea, kukimbia, kudaka mpira. Na wale wazazi wenzangu wenye saa za kuhesabu hatua mnaowalazimisha watoto wafikishe hatua 10,000, hiyo namba ilipata umaarufu kutokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, haikupimwa kwa mtoto wako.

Najua mwalimu atasema darasa lina watoto kibao, nitafuatilia madaftari mangapi. Ni kweli kabisa na walimu wetu wamechoka. Ila watoto wapangwe wawili wawili, huyu aruke yule ahesabu kisha wabadilishane, mwalimu apitie madaftari machache kila wiki aandike neno moja tu. Wengine watadanganya namba? Watadanganya, hasa ukiweka zawadi au alama za mtihani, kwahiyo msiweke. Bila zawadi sioni sababu kubwa ya mtoto kudanganya kwenye daftari lake mwenyewe.

Kikwazo kikubwa kwangu ni muda na jua. Saa nane mchana kwa joto la huku kwetu huwezi kumkimbiza mtoto ambaye hata uji hajanywa, ni kumuumiza. Inabaki asubuhi kabla jua halijakali, au jioni, na jioni wengi wako madrasa. Kwahiyo ombi langu kwa maafisa elimu kata wa Mtwara, na wenzetu wa Lindi pia, shule zikifungua Januari mkae na walimu wa madrasa na kamati za shule mpange ratiba ya pamoja, walau nusu saa siku tatu kwa wiki ambayo hakuna tuisheni wala madrasa. Mjaribu na darasa moja kwa kuanzia. Kamba sisi wazazi tutaleta.

Mzazi, Mtwara Mjini