Iringa si kituo cha kulala tu

Ndugu Mhariri,

Ile makala yenu iliyomshauri mgeni akifika Iringa alale, anywe chai, na asubuhi aelekee Hifadhi ya Ruaha kwa kuwa mjini hakuna cha kuona, imenikaa kooni. Gazeti lenu nimelisoma miaka mingi bila kuwaandikia, hata siku mlipoipeleka Mafinga mkoani Mbeya. Safari hii sinyamazi.

Mwandishi wenu aliuona mji huu kupitia dirisha la gari. Mtu akipandisha mlima wa Ipogolo, akajaza mafuta na kuondoka, ataona nini zaidi ya kituo cha mafuta? Katikati ya Iringa ni pa kutembea kwa miguu. Lipo Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1900, likaanza kama hospitali ya jeshi na tangu 2016 ni makumbusho. Lipo Soko Kuu na vikapu vyake vya milulu, yale majani ya kusukia. Upo mnara wa kuwakumbuka Waafrika waliokufa katika vita vya Majimaji, na jumba la sala la Waismailia lenye mnara wa saa. Mwenye pumzi apande Gangilonga, kwenye lile jiwe ambalo wazee husimulia kuwa Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alikuwa akikaa kutafakari, auone mji wote chini yake. Hayo yote ni asubuhi moja, bila kutoa hata nauli ya bajaji.

Lakini mgeni atayajuaje? Julai alikuja wifi yangu kutoka Tanga, mtu anayependa majumba ya kale kuliko anavyopenda harusi. Nikamtembeza. Kwenye jengo moja la zamani ambalo sasa ni ofisi, aliinua simu apige picha ya mlango. Mlinzi akatoka mbio. "Mama, hapa hapapigwi picha." Nikamuuliza nani amekataza. "Mkubwa." Mkubwa yuko wapi? "Semina." Kibali kinatolewa na nani? "Mkubwa." Tukasimama pale juani, wifi yangu akieleza kwamba mlango ni wa mbao na hauna siri yoyote ya serikali, mlinzi akitazama barabarani, na mwisho akashusha sauti akasema tukimwachia ya soda, yeye atageukia upande wa pili. Mlango uliochongwa kabla bibi yangu hajazaliwa, bei yake soda! Tulipoondoka (picha hatukupiga, soda hatukutoa) wifi aliuliza kibao cha kuelekea Gangilonga kiko wapi. Sikuwa na jibu. Njia nzima hatukuona hata mshale mmoja. Wazungu walikaa Versailles, Ufaransa, mwaka 1919 kuandika mkataba wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na katika kifungu cha 246 wakadai fuvu la Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani, lirudishwe. Likarudi 1954 na leo liko kwenye makumbusho ya Kalenga, karibu na mji wetu. Sisi wenye Mkwawa wetu tumeshindwa kuandika kibao cha kumwelekeza mtu kwenye jiwe lake!

Na hayo maduka ya zamani yenye baraza mbele, yaliyokuwa yakimkinga mpita njia na mvua? Kila nikipita naona baraza jingine limezibwa kwa vioo vya bluu na aluminiamu. Mwenye miguu anasukumiwa barabarani, na barabarani kuna bajaji, na pembeni mtaro hauna mfuniko. Ukilalamika unaambiwa ni maendeleo. Sawa, lakini wifi yangu hakupanda basi kutoka Tanga kuja kujitazama kwenye kioo cha duka la simu.

Suluhisho ninalo, tena la bei rahisi. Achukuliwe kijana mmojawapo wa wale wanaoandika misemo nyuma ya bajaji, apewe kopo la rangi nyeupe na mbao kumi, achore mishale kuanzia Boma mpaka Gangilonga. Kabla hajaanza, wakubwa wote wa utalii wakusanywe pale Boma asubuhi ya Julai, upepo ukiwa umekolea, pamoja na mwandishi wenu. Wasifuatwe na gari wala wasibebewe mkoba. Watembee hadi kwenye jiwe kwa kutazama vibao tu. Atakayefika bila kumuuliza njia muuza mahindi ya kuchoma, huyo ndiye alipwe posho ya semina.

Mwalimu mstaafu,
Mshindo, Iringa