Shukrani kwa mama wa maziwa, Iten

Mama, sikukuuliza jina, na jambo hilo linanisumbua hadi leo. Mimi ndiye yule uliyemkuta Jumanne alfajiri amekaa kando ya njia, mguu umeteguka. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na udongo mwekundu wa Iten, mji huu wa nyanda za juu za Kenya, ukilowa huteleza kama sabuni. Nilikuwa nikikimbia, nikaacha barabara ya murram (ya changarawe) nikafuata kijia cha ng'ombe, nikapotea kwenye mashamba ya mahindi. Pumzi nayo ilikuwa imeniishia; mita 2,400 juu ya usawa wa bahari si mchezo kwa mtu aliyetoka Mombasa.

Uliweka chini mtungi wako wa maziwa, ukafungua leso kiunoni, ukanifunga kifundo cha mguu kwa mikono iliyonukia moshi wa kuni. Ukanikokota hadi barabarani huku ukinielekeza: kijia cha mtoni ni cha kiangazi tu, mvua ikinyesha nishike njia ya juu, ile inayotazama Bonde la Kerio. Sasa ndiyo njia ninayokimbia.

Maziwa yako yalichelewa kwa ajili yangu. Asante sana, Mama. Leso nimeifua na kuikunja, na kila Jumanne ninapita pale pale nayo.