Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Drafti ni Michezo au ni Kijiwe?

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, wa Mwaloni, wa Igoma, wa Igombe, na ninyi wa Sengerema ambao mwaka huu mmeishiwa kisingizio. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, hakuna tena wa kupiga simu akisema foleni ya kivuko imemkwamisha Busisi.

Mambo ya kawaida nayapitia haraka. Ada wengi mmelipa, waliobaki mnajijua. Mbao mpya zimechongwa pamoja na kete zake, na visoda tumevibakiza kwa mazoezi. Hesabu atazisoma mweka hazina. Risiti anazo kwenye bahasha, muulizeni yeye.

Ninachotaka kukaa nacho leo ni ile barua. Mnakumbuka tuliomba udhamini kwa kampuni moja ya hapa mjini, jina libaki kwangu na kwa katibu. Hatukuomba makubwa: fulana, na zawadi kwa watatu wa kwanza. Jibu lilikuja na mistari mitatu, kwamba wao wanadhamini michezo, hawadhamini burudani za vijiweni. Katibu alipomaliza kuisoma, chai ya kamati ilipoa mezani.

Wengine mlitaka tujibu kwa ukali. Mimi nilitaka kwanza tujiulize kama wamekosea.

Mjumbe mmoja alisema michezo ni jasho. Kama ni hivyo, wale vijana wanaobeba magunia ya dagaa pale Mwaloni wangekuwa mabingwa wa dunia, maana wanatoka jasho kuliko winga yeyote wa CCM Kirumba. Mwingine, aliyewahi kuishi nje, akatuletea habari ya bolingi, ule mchezo wa kuviringisha tufe kuangusha pini kumi. Alisema watu wanacheza huku wanakula chipsi, sasa hiyo nayo ni michezo? Nikafuatilia. Tufe lenyewe linaweza kufika kilo 7 na zaidi, na kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya mbele ni mita 18 na kidogo. Bolingi iliingia Michezo ya Asia mwaka 1978, ikaonyeshwa kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 bila kuhesabiwa medali, kisha ikafika kwenye orodha fupi ya michezo iliyoomba kuongezwa Tokyo 2020, na hapo ikaachwa. Kumbe wenzetu wana kumbi, wana viatu maalumu, wana mafuta yanayopakwa sakafuni kwa vipimo, na bado wanaulizwa swali lile lile tuliloulizwa sisi wa chini ya mwembe.

Na sataranji, ambayo mtu anakaa tu kama sisi? Shirikisho lake lilitambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 1999. Drafti nayo ina shirikisho la dunia tangu 1947, ila wao ubao wao ni wa nyumba 100 na kete 20 kila upande. Sisi tuna 64 na kete 12. Bingwa wetu akienda huko ataanza darasa la kwanza.

Kiswahili nacho kimechangia kutuponza. Mpira ni mchezo, maigizo ni mchezo, na fedha wanazokusanya wake zetu kila Jumamosi wakapeana kwa zamu nazo ni mchezo. Ukimwambia mtu “nacheza”, hajui kama akupigie makofi au akutafutie kazi.

Mimi msimamo wangu ni huu, na asiyekubali atasema kwenye mengineyo: kijiweni ukifungwa unanyanyuka, unasema kete zilikuwa chache au jua lilikupiga usoni, na kesho wewe ni bingwa tena. Kwenye michezo, kufungwa kwako kunaandikwa. Kwa hiyo mwaka huu tulinunua saa za mezani za kumpimia kila mchezaji muda wake, na daftari la kusaini matokeo.

Ligi tuliiweka kwenye mbalamwezi, siku ambazo wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani kwa sababu taa zao hazina kazi. Wachezaji wakapatikana, na fujo nayo ikapatikana. Tulikataza kutonya kutoka pembeni, mkanuna. Tulikataza kugonga kete, mmoja akauliza kama kupumua nako kunahitaji kibali. Mzee wetu wa Igombe, ambaye kijiweni huwa anavuta sigara nzima kabla ya kusogeza kete moja, aliitazama saa yake ikikimbia kama anatazama mwizi. Kwenye fainali alikuwa na kingi, yaani kete iliyofika mwisho wa ubao na sasa inatembea mbali itakavyo, mpinzani hana. Kingi alikaa kwenye kona ya njia kuu, akiona ubao mzima, na kila mtu alijua mchezo umekwisha. Mzee akainua mkono, akaurudisha, akainua tena. Saa ikalia: muda wake umekwisha, amefungwa. Akakataa kusaini daftari. Siku ya tatu alikuja mwenyewe dukani kwangu, akaomba kalamu, akasaini, akaondoka bila kunywa soda niliyomfungulia. Hiyo sahihi kwangu ina uzito kuliko fulana za mdhamini.

Kijana mmoja alinionyesha kwenye simu kwamba kompyuta imeshaimaliza drafti. Ni kweli kwa sehemu: mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walithibitisha kwamba wote wawili wasipokosea, mchezo unaisha kwa sare. Lakini hiyo ni drafti ya Waingereza, kingi wake anatembea nyumba moja moja kama mgonjwa. Na hata ingekuwa yetu, sijaona asiyekosea hapa Mwanza.

Kazi iliyobaki ni usajili. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na chama cha michezo kinasajiliwa kwa msajili wake. Rasimu ya katiba iko kwa katibu. Isomeni kabla ya kuipigia kura, hasa kipengele cha kutonya. Barua ya pili kwa mdhamini tutaiandika baada ya cheti, si kabla.

Na saa moja inakwama kila ikifika dakika ya nane. Anayemjua fundi wa saa ambaye hatatuuzia saa nyingine, anione kabla ya kuondoka.

Mwenyekiti