Barua ya malalamiko: taa ya traksheni kontroli na beringi iliyofungwa kinyume

Kitengo cha Magari,
Dar es Salaam.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUREJESHEWA SH. 1,440,000 KWA MATENGENEZO YASIYOHITAJIKA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Gari ni Toyota iliyotoka Japani, yenye ABS (huzuia magurudumu kujifunga ukishika breki), traksheni kontroli (huzuia tairi kuzunguka zikiteleza) na VSC (huzuia gari kuserereka). Liliingia kwenu Jumatatu kwa jambo moja tu: beringi ya mbele kushoto ilikuwa inavuma. Mlibadilisha, mvumo ukaisha. Gari halijafika hata mataa ya kwanza, dashibodini zikawaka taa tatu kwa mpigo: ya ABS, ya VSC na ile yenye kigari kinachoteleza. Jumanne liliporudi, mashine yenu ilisoma msimbo wa hitilafu C0205, na kuanzia hapo ankara zikaanza kuongozana: sensa mpya Sh. 180,000, yuniti ya ABS (kifaa chenye valvu na kompyuta ya breki) ya mtumba Sh. 950,000, ufundi Sh. 150,000. Taa hazikuzima.

Kwenye Toyota, C0205 inahusu sensa ya mwendo wa gurudumu la mbele kushoto. Haisemi sensa ni mbovu. Inasema kompyuta haipati mawimbi yanayoeleweka kutoka kona hiyo ya gari, na katika kona hiyo kuna waya, soketi, sensa, nafasi kati ya sensa na beringi, na beringi yenyewe. Gurudumu lililolalamikiwa ndilo hilo hilo mlilolifungua jana yake. Fundi alipaswa kuanzia kwenye kazi ya mkono wake.

Karatasi yenu ya kazi inasema sensa ilipimwa ohmu, multimita haikuonesha kitu, ikaandikwa "imekufa". Kipimo hicho ni cha sensa za zamani zenye koili, ambazo nyingi husoma kati ya ohmu 1,000 na 2,500 hivi. Sensa ya gari hili ina saketi ndani yake. Inasubiri umeme kutoka kompyuta ya ABS, kisha inajibu kwa kupandisha na kushusha mkondo, kwa kawaida kati ya miliampea 7 na 14. Ukiichomoa na kuipima ohmu, hata iliyotoka sasa hivi kwenye boksi inaweza isioneshe kitu. Mngeipima hivyo ile mpya mliyotuuzia, nayo mngeitupa.

Kipimo kilichotakiwa hakichukui dakika kumi. Unaunganisha mashine, unafungua ukurasa wa data hai, unaweka mwendo wa magurudumu yote manne kwenye skrini moja, halafu dereva anakwenda taratibu kwa kilomita 20 kwa saa huku mwingine akisoma. Matatu yakionesha 20 na moja likabaki 0, kasoro iko kona hiyo. Ukifunga sensa mpya na namba ikaendelea kuwa 0, na waya zimepimwa ni nzima, basi sensa haina kitu cha kusoma. Yuniti ya ABS ndiyo ya mwisho kushukiwa, tena hasa pale kompyuta inaposoma magurudumu mengine matatu bila shida.

Sensa ya gari hili haisomi meno ya chuma kama ya magari ya zamani. Beringi yenyewe upande mmoja ina pete nyembamba yenye sumaku, ncha za kaskazini na kusini zikipishana kuzunguka duara lote. Kwa macho pete hiyo inafanana kabisa na sili ya kawaida, na hapo ndipo fundi mwenye haraka anaponaswa. Lakini ukisogeza klipu ya karatasi, upande wa sumaku inavutwa, upande wa pili inadondoka. Upande wa sumaku lazima utazame ndani, iliko draivushafti (mhimili unaozungusha gurudumu), kwa sababu sensa inachungulia hapo.

Ijumaa, kwenye gereji nyingine, draivushafti ilitolewa na klipu ikasogezwa kwenye beringi yenu upande wa ndani. Ikadondoka. Beringi ilipotolewa, sumaku ilikuwa imetazama nje, nyuma ya flanji ya habu. Kwa kuwa beringi ya kupigwa presi haifai kurudishwa ikishatolewa, imebidi inunuliwe nyingine. Ilipofungwa sawasawa, magurudumu yote manne yalisoma mwendo mmoja, C0205 ikafutwa na haijarudi.

Ilibaki misimbo C1210 na C1336. Hiyo ni ya kwenu pia: maana yake sifuri, yaani kipimo cha kuanzia, ya sensa ya mzunguko wa gari na ya sensa ya mchapuko haijawekwa. Kila yuniti ya ABS yenye kompyuta ndani inapobadilishwa, kazi hiyo hufanywa upya, gari likiwa limesimama mahali tambarare na hakuna anayelitikisa. Kwenye karatasi yenu haipo.

Kubwa kuliko pesa ni pedeli ya breki. Mlifungua mabomba ya mafuta ya breki ili kubadilisha yuniti, mkatoa upepo kwenye magurudumu tu. Ndani ya yuniti kuna valvu ambazo hubaki zimefunga mpaka mashine iziamrishe kufunguka, na upepo unaoachwa nyuma yake hautoki kwa kukanyaga pedeli. Gari lilitoka kwenu likiwa na pedeli laini inayozama, na mtu wa mapokezi akamwambia dereva "itakaa sawa yenyewe". Breki yenye upepo haikai sawa yenyewe.

Huyo huyo alimshauri dereva abonyeze TRC OFF, swichi ya kuzima traksheni kontroli, ili "kuondoa taa". Swichi hiyo ni ya kujinasua kwenye mchanga au tope, pale unapotaka tairi zizunguke bila kompyuta kupunguza nguvu ya injini na kushika breki gurudumu linaloteleza. Haitengenezi chochote. Taa ya kuteleza ikimweka wakati tairi zinateleza, mfumo unafanya kazi na hakuna cha kulipia. Ikiwaka moja kwa moja, mfumo umejitoa. Na ikiwaka ya ABS pamoja na ile nyekundu ya breki, ugawaji wa breki kati ya mbele na nyuma unaweza kuwa umekufa, na magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga ukikanyaga kwa nguvu. Gari la namna hiyo huvutwa, haliendeshwi. Mpeni mtu wa mapokezi maelezo haya kabla hajamshauri mteja mwingine.

Tunataka, ndani ya siku 7:

Mrejeshe Sh. 1,280,000 za sensa, yuniti na ufundi wake, pamoja na Sh. 160,000 za beringi ya kwanza na kazi ya kuifunga. Mturudishie yuniti ya ABS tuliyokuja nayo, maana haikuwa na kosa na hatukuridhia ibaki kwenu. Mlipe beringi ya pili kwa risiti tuliyoambatanisha. Kutoa upepo kwa mashine na kuweka sifuri tumeshafanyiwa kwingine. Msiguse breki za gari hili tena.

Msipojibu kwa maandishi, nakala ya barua hii itapelekwa Tume ya Ushindani.

Wenu,
Msimamizi, Kitengo cha Magari

Viambatanisho: ankara zenu tatu, picha ya beringi na klipu, pande zote mbili, picha ya skrini ya mwendo wa magurudumu manne kabla na baada, risiti ya beringi ya pili.