Kabla ya kusema ni Alzheimer, pimeni figo

Ndugu Mhariri,

Siku hizi husemwa kwa wepesi kwamba figo zikichoka, ugonjwa wa Alzheimer, ule unaofuta kumbukumbu za wazee, uko njiani. Tunaomba nafasi tupinge kidogo. Ni kweli wenye ugonjwa sugu wa figo hupungukiwa kumbukumbu kuliko wenzao wa rika moja, lakini sehemu kubwa ya uhusiano huo hupitia kwenye mishipa ya damu: presha na kisukari huharibu mishipa midogo ya figo na ya ubongo kwa pamoja. Kwamba figo yenyewe ndiyo huleta Alzheimer, hilo halijathibitishwa. Hata tume ya jarida la tiba la Lancet, ilipotaja mwaka 2024 mambo 14 ya kurekebisha ili kupunguza maradhi ya kupoteza kumbukumbu (dementia), Alzheimer ikiwemo, iliweka presha na kisukari. Ugonjwa wa figo haumo.

Figo huharibu mambo zaidi kwenye vipimo na dawa.

Vipimo vipya vya damu vya Alzheimer hutafuta vipande vya tau, protini ya seli za ubongo, hasa kile kiitwacho p-tau217. Figo zikichuja kidogo, vipande hivyo hurundikana, na majibu huweza kuja juu kwa mtu asiye na mabonge ya amiloidi, protini inayoganda kwenye ubongo wenye Alzheimer. Kipimo kilichoidhinishwa Marekani Mei 2025, kwa wenye dalili kuanzia miaka 55, hulinganisha p-tau217 na amiloidi beta 42 (aina ya amiloidi iliyomo kwenye damu), ambayo nayo hupanda figo zikidhoofu, hivyo kosa hupungua. Anayeletewa majibu ya tau peke yake aulize kwanza: kreatinini, taka ya damu inayoonyesha figo zinavyochuja, ni ngapi, na ilipimwa lini?

Na kreatinini nayo hudanganya. Hutoka kwenye misuli, na mzee aliyekonda misuli hana. Chukua bibi wa miaka 85, kilo 42, kreatinini miligramu 1.0 kwa desilita. Maabara wataandika “kawaida”. Sasa piga hesabu ya Cockcroft na Gault, ya kukadiria figo huchuja kiasi gani: 140 toa 85 ni 55, mara kilo 42 ni 2,310, gawanya kwa 72 mara 1.0, unapata 32. Kwa kuwa ni mwanamke zidisha kwa 0.85. Uchujaji wa figo umebaki mililita 27 kwa dakika! Chini ya 30, vidonge vya kawaida vya memantini, dawa ya Alzheimer, visizidi miligramu 10 kwa siku, si 20. Akiachiwa 20, dawa itajaa mwilini, aone kizunguzungu na maruweruwe, kisha familia iambiwe ugonjwa umepanda. Donepezili, dawa nyingine ya Alzheimer, haina shida hiyo. Gabapentini (ya maumivu ya neva), baklofeni (ya kulegeza misuli) na sefepimu (antibiotiki) ndizo za kuogopa figo zikichoka: zisipopunguzwa, huvuruga akili ya mtu aliyekuwa mzima kabisa.

Alzheimer huingia polepole, kwa miaka. Mzee aliyevurugika tangu juzi, asubuhi anakutambua na jioni hakujui, ana jambo jingine. Mwambieni anyooshe mikono mbele na kuinua viganja kama anayesimamisha gari. Viganja vikidondoka na kurudi, vikidondoka na kurudi, huenda damu imejaa sumu kwa sababu ya figo, ini au dawa. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, apimwe urea, kreatinini, sodiamu, kalisiamu na sukari, na mkojo uangaliwe protini. Mfuko wake wote wa dawa nao umwagwe mezani kwa daktari, pamoja na zile za maumivu zilizonunuliwa bila cheti.

Wafamasia wa kliniki ya figo