Wachapishaji, turudishieni michoro yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumze na wachapishaji wa vitabu vya watoto. Ombi langu kwao ni moja: mkishamaliza kuchapa, turudishieni michoro yetu.

Mwezi uliopita mjukuu wangu wa darasa la pili alirudi na kitabu cha hadithi alichoazima shuleni. Nililitambua jalada kabla hajalitoa lote kwenye begi, maana kitabu hicho nilikichora mimi mwaka 1998. Ni toleo jipya, karatasi bado inanukia wino. Mtoto akafungua ukurasa wa 9, akaweka kidole juu ya mama mmoja aliyekaa kitako, akaniuliza, "Bibi, huyu anafua?"

Mhariri, yule mama hafui. Anakuna nazi. Na si mama wa kubuni, ni marehemu mama yangu mzazi. Nilimkalisha juu ya mbuzi uani kwetu Tandika, asubuhi tatu mfululizo, nikimchora kwa penseli. Mikono ndiyo iliyonitesa: namna kiganja kinavyokumbatia kifuu na kukizungusha polepole kwenye meno ya mbuzi, ili nyama nyeupe ishuke bila kukwangua ganda. Yeye alikuwa akicheka, ananiambia, "Mwanangu, chora upesi, nazi imekwisha." Nilipofika kwenye rangi, ile nazi iliyokunwa sikuipaka kitu. Niliacha weupe wa karatasi yenyewe, nikaizungushia kivuli chembamba cha samawati. Ukiutazama mchoro halisi unaona chembe moja moja ndani ya bakuli. Katika toleo hili jipya bakuli limejaa ukungu wa kijivu kama povu la sabuni. Mtoto hakukosea kuuliza.

Nilifuatilia nikaambiwa kilichotokea. Filamu za zamani za kuchapia kitabu zimepotea. Michoro yangu haipo. Basi walichukua nakala moja ya kitabu kile cha kwanza wakaiskani, wakachapa kutoka humo. Wasomaji wengi hawajui kwamba picha ya rangi kitabuni ni nukta ndogo za wino wa rangi nne zilizopangwa karibu karibu, na jicho ndilo linalozichanganya. Ukiskani nukta hizo bila uangalifu ukazichapa tena kwa nukta nyingine, zinagombana. Unapata michirizi kama wavu, nyeupe inachafuka, mistari myembamba inakufa. Kanga ya mama ilikuwa na jina lake, herufi kwa herufi. Sasa ni ukungu mtupu.

Nilianza kazi hii mwaka 1994. Siku hizo Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa 1991, ulikuwa umewapa wachapishaji moyo, kwa sababu ulinunua sehemu ya nakala na kuzipeleka shule za msingi. Kazi ikapatikana. Kitabu cha kurasa 24 kilinichukua miezi miwili hadi mitatu: kwanza vijipicha vidogo vya kugawa hadithi kurasa kwa kurasa, kisha penseli, kisha wino mweusi, rangi ya maji mwisho kabisa. Nilichora usiku watoto wakilala, umeme ukikatika naendelea na chemli, asubuhi nakuta kijani nilichodhani kijani ni buluu, naanza upya. Ndoo za maji zilikaa mbali na meza. Watoto wangu walilijua hilo kabla hawajajua kuhesabu.

Kazi ikikamilika nilitia karatasi zote katika bahasha ya kaki, nikaweka mbao nyembamba pande zote mbili zisikunjwe kwenye daladala, nikazipeleka mwenyewe ofisini. Nililipwa mara moja, nikashukuru. Mkataba ulisema nimewauzia haki ya kuchapa. Haukusema nimewauzia karatasi. Nilipozifuata niliambiwa nije wiki ijayo, kisha kwamba zipo stoo, kisha ofisi ikahama.

Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972, lakini mbao alizozipaka rangi ya mafuta bado zipo, na wenye nazo wanazitunza kama yai. Mchoraji wa kitabu hana bahati hiyo. Mchoro wake unaonekana ni hatua tu ya kufikia kitabu, kitabu kikitoka hauna kazi. Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed inapokea vitabu vinavyochapishwa nchini, na ni jambo jema. Ninatamani papatikane na droo pana za kulaza michoro halisi, hapo au Makumbusho ya Taifa, mahali pakavu pasipo jua, ili mwalimu awapeleke wanafunzi waone rangi ilivyopita juu ya penseli. Mimi nisingejua kuchora kama nisingesimama nyuma ya mtu nikamtazama anavyochora.

Vijana wanaochora kwenye vishikwambi nao wasijidanganye. Wahifadhi faili lao kamili sehemu mbili, wasibaki na ile picha ndogo ya kutuma kwa simu.

Ile bahasha ya kitabu cha 1998 ina karatasi 15, pamoja na jalada. Nyuma ya kila moja nimeandika kwa penseli namba ya ukurasa na neno "Tandika". Kama ipo kwenye stoo yoyote jijini, au kuna aliyeiokota ofisi ilipohama, tafadhali aifikishe kwenye dawati lako, Mhariri. Nitakuja kuichukua mwenyewe, hata kama mchwa wamepita. Nikiupata ukurasa wa 9 peke yake, nitashukuru.

Mchoraji wa vitabu vya watoto,
Tandika, Dar es Salaam