Sumukuvu ya ukame inaishia kwenye maziwa

Ndugu Mhariri,

Mvua zikikata Handeni na Kilindi, tunajadili njaa na bei ya debe. Sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu kwenye nafaka, hatuikumbuki mpaka iue, kama ilivyoua Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Wengi wanaamini kuvu huletwa na unyevu wa ghalani tu. Hii inayotoa sumu, Aspergillus flavus, inastawi kwenye joto. Hindi likikosa maji tangu kuchanua hadi punje kujaa, mmea hudhoofika, punje hupasuka, wadudu hutoboa, na kuvu huingia gunzi likingali shambani. Joto likiongezeka na mvua kuyumba, miaka ya namna hiyo itakuwa mingi. Kuanika huizuia kuvu isiendelee. Sumu iliyokwisha kutoka haiondoki kwa jua wala kwa kupika.

Hata hivyo kuanika ni lazima, hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 13.5. Asiye na kipimo atie mahindi robo ya chupa kavu ya kioo, vijiko viwili vya chumvi kavu, atikise, asubiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15. Isipoganda, huenda bado haujafika 13.5, hivyo aongeze siku ya jua kabla ya kufunga mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa.

Kuna pia Aflasafe, kuvu isiyo na sumu inayomwagwa shambani ishindane na yenye sumu, kilo 4 kwa ekari, wiki 2 hadi 3 kabla ya kuchanua. Lakini huhitaji udongo wenye unyevu. Ukiimwaga kwenye vumbi umetupa pesa.

Linalotusumbua zaidi ni pumba. Sumu hukaa hasa kwenye ganda na kiini, hivyo mashine ikikoboa, sembe hupata nafuu na pumba hubeba mzigo. Pumba hizo ndizo wanazolishwa ng'ombe wetu wa maziwa, pamoja na yale mahindi mabovu ya "wape mifugo". Ndani ya siku moja sumu huonekana kwenye maziwa, na kuchemsha hakuitoi. Ng'ombe akibadilishiwa chakula, sumu kwenye maziwa hupungua baada ya siku chache.

Vituo vya kukusanya maziwa hupima maji yaliyoongezwa na uchachu. Vipimo hivyo havioni sumukuvu, wala jicho na pua haviwezi. Tunaomba halmashauri za Tanga zichukue sampuli za pumba mashineni kila baada ya msimu wa ukame, kabla hazijapakiwa kwenye magunia.

Wadau wa nafaka na maziwa,
Tanga